Kilima kinachomeza vilele: kupima mafuta ya alizeti kwa Raman bila kudanganywa na mng'ao

Swali la msomaji: Shikamoo mwalimu. Nafanya utafiti wa shahada ya uzamili hapa Dodoma kuhusu mafuta ya alizeti yanayochakachuliwa kwa mafuta ya mawese yaliyosafishwa. Natumia kipima Raman cha mkononi, kifaa kinachosoma mwanga wa leza unaotawanywa na mafuta, chenye leza ya nanomita 785. Mafuta ghafi kutoka mashine ndogo za kukamulia za Singida na Kongwa yananipa spektra (grafu ya mwanga uliorudi) yenye kilima kikubwa, vilele vimekaa juu yake kama vipele. Nilikiondoa kilima kwa programu, nikatengeneza modeli, ikapendeza sana. Kisha nikachanganya mwenyewe sampuli mbili zenye mawese asilimia 20, kila moja kwa alizeti ya mashine tofauti. Moja ikasoma 14, nyingine 31. Nitumie programu gani? Au niombe tununuliwe mashine ya leza ya nanomita 1064? Kuna mkamuaji ambaye mafuta yake yamesoma 27 na anasubiri majibu yangu.

Jibu

Marahaba, binti yangu. Naanza na jibu fupi ili usikeshe usiku mwingine bure: tatizo lako haliko kwenye programu, na mashine ya 1064 siyo dawa ya kwanza. Ninavyoziona namba zako, modeli yako haijajifunza mawese. Imejifunza mng'ao, yaani ule mwanga wa ziada unaojenga kilima, maana hata ukikiondoa kilima kwa programu, kosa linalobaki hufuata ukubwa wake.

Fikiria ulivyotengeneza sampuli za kufundishia. Ulichukua alizeti ghafi kutoka mashine moja, ukaiongezea mawese kidogo kidogo: 0, 5, 10, 20, hadi 50. Mawese yale yamesafishwa kiwandani. Rangi imeondolewa, harufu imeondolewa, na pamoja navyo vitu vingi vinavyong'aa vimeondoka. Alizeti yako ni ghafi. Kwa hiyo kila ulipoongeza mawese, kilima kilishuka. Modeli ya PLS, hesabu inayotafuta kinachobadilika kwenye spektra pamoja na kiasi cha mawese, ni mwanafunzi mwepesi, hushika njia rahisi kuliko zote. Kilima kikipungua, anasema mawese yameongezeka. Ukimletea alizeti ya mashine nyingine, yenye mashapo mengi na mng'ao mkali, atasema mawese ni machache: 14. Ukimletea iliyokaa ikatulia na kuchujwa vizuri, atasema ni mengi: 31. Na zote ni 20.

Kuna jaribio la nusu saa la kuthibitisha hili, lifanye leo kabla ya lolote. Kwenye spektra ya mafuta, kati ya namba za mawimbi 1800 na 2600 kwa sentimita hakuna kilele chochote cha Raman cha kutajika. Pale ni kimya. Chukua eneo hilo peke yake, kwa mfano 1800 hadi 2000 kama kifaa chako kinafika huko, usiondoe kilima, kisha tengeneza modeli ya kukadiria mawese. Mahali pasipo na habari yoyote ya mafuta pasiweze kukuambia kitu. Modeli hiyo ikikadiria vizuri, basi umeshamkamata mwizi: kilima peke yake kinatosha kutoa majibu.

Sasa tuingie ndani, maana hapa ndipo watu wengi hudhani kilima ni suala la sura tu, la kupendezesha grafu.

Leza ikipiga mafuta, karibu fotoni zote zinazotawanywa hutoka na rangi ileile ambayo ziliingia nayo. Moja tu kati ya mamilioni hubadilishana nguvu na mtikisiko wa molekuli na kutoka imebadilika. Hiyo ndiyo Raman, ambayo C. V. Raman na K. S. Krishnan waliitangaza Calcutta mwaka 1928. Fluoresensi, yaani huo mng'ao, ni jambo jingine kabisa: molekuli inaimeza fotoni nzima, inakaa nayo kwa nanosekunde chache, kisha inaitoa ikiwa na nguvu pungufu kidogo. Molekuli moja inayong'aa vizuri huweza kuishinda molekuli moja inayotoa Raman kwa zaidi ya mara trilioni. Ndiyo maana uchafu ambao jicho halioni unatosha kukumezea vilele vyote. Ukitaka kuona ninachosema, azima taa ya kukagulia noti dukani, zima taa za chumba, imulike chupa ya mafuta ghafi na chupa ya mafuta yaliyosafishwa zikiwa pamoja. Urefu wa wimbi wa taa ile si wa leza yako, kwa hiyo usiichukulie kuwa kipimo, lakini utaona kwa macho kwamba mafuta mawili yanayofanana mezani hayafanani gizani.

Hapa kuna hesabu ambayo kila anayepima kwa Raman angeibandika ukutani. Tuseme pale kilele kilipo, kigunduzi kimekusanya elektroni 40,000 za mng'ao na 400 za Raman. Mwanga huja kwa matone, haumiminiki sawasawa, na mtikisiko wake, tunaouita kelele, ni kipeuo cha pili cha idadi. Kipeuo cha pili cha 40,400 ni karibu 200. Kwa hiyo kilele chako cha 400 kimesimama juu ya kelele ya 200, uwiano wa 2 kwa 1. Programu ikiondoa ule wastani wa 40,000, grafu inalala chini vizuri, lakini kelele ya 200 inabaki palepale. Programu haina namna ya kuiondoa kwa sababu haijui ni tone lipi lilitoka wapi. Laiti mng'ao usingekuwepo, kelele ya 400 ingekuwa 20 tu, uwiano wa 20 kwa 1. Kutoka 2 kufika 20 kwa kurudia kupima tu, unahitaji muda mara 100. Sekunde 10 zinakuwa dakika 17 kwa sampuli moja.

Na hata hizo dakika 17 hazikuhakikishii. Kamera za silikoni zilizopunguzwa unene hufanya mwanga wa karibu na infraredi urukeruke ndani yake, na juu ya kilima kikubwa hutokea mawimbi madogo madogo yanayofanana sana na vilele vidogo. Hayo si kelele ya bahati. Yapo mahali palepale kila ukipima, kwa hiyo kurudia mara 100 kunayaimarisha tu. Kilima kikishuka, nayo yanashuka. Ndiyo sababu nasema mng'ao upigwe vita kabla haujafika kwenye kigunduzi, na hesabu zije baadaye kusafisha kilichobaki.

Anza na chombo. Mimi mwenyewe nilipoteza wiki mbili kwa hili, na nakueleza ili wewe usizipoteze. Nilikuwa napima mafuta kwenye vichupa vya kioo vya kawaida, na kila spektra ilikuwa na mwinuko mpana karibu na namba ya mawimbi 1400. Nikaukatia polinomia, yaani mkunjo wa hesabu unaofuata umbo la kilima, ya daraja la tano, la sita, la saba. Nikaandika hata kwenye daftari kwamba mafuta ya eneo lile yana kitu cha pekee. Siku moja kichupa kikabaki kitupu kwenye kishikio na nikabonyeza kitufe kwa kusahau. Mwinuko ukatokea uleule, na mafuta hayamo. Kilikuwa kioo. Vioo vingi vya kawaida vikipigwa na leza ya 785 hutoa mng'ao mpana hapo hapo, na hapo hapo ndipo kilipo kilele cha 1440 cha kaboni na hidrojeni ambacho wewe unakitumia kama mizani ya kugawia. Mizani ikichafuka, uwiano wote umechafuka.

Kwa hiyo leo pima kichupa kitupu. Halafu weka tone la mafuta juu ya foili ya alumini iliyonyooshwa kwenye kipande cha kioo, au kwenye sahani ndogo ya chuma kisichoshika kutu. Chuma hakikuletei mng'ao wa kioo, na kinarudisha mwanga kwenye lenzi, hivyo kilele hupanda kidogo. Ukiwa na kichupa cha kwatzi ni vizuri zaidi, lakini tone kwenye foili linafanya kazi kubwa kwa gharama ndogo sana. Weka kina kilekile na umbali uleule kila mara. Funika na kitambaa cheusi, maana jua la Dodoma linaloingia dirishani nalo lina infraredi ya kutosha kukutengenezea kilima cha uongo.

Pili, mafuta yenyewe. Mafuta ya mashine ndogo yana mashapo: vumbi la mashudu, nta ya maganda, maji kidogo. Chembe hizo zinang'aa na pia zinatawanya leza. Usizipime hivyo. Yapashe mafuta hadi nyuzi 40 hivi ili nta na mafuta yaliyoanza kuganda yayeyuke, maana asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu mawese huanza kuganda kwenye dumu, na mafuta yaliyoganda yana vilele tofauti na yaliyoyeyuka. Kisha zungusha kwenye sentrifuji, chukua ya juu, pitisha kwenye kichujio cha sindano cha mikromita 0.45. Pima tena yakiwa kwenye joto lilelile. Uchujaji huu peke yake hautamaliza mng'ao, kwa sababu vingi vinavyong'aa vimeyeyuka ndani ya mafuta: mabaki ya klorofili, vitu vinavyozaliwa mafuta yakianza kuchacha, rangi za mbegu iliyopata joto kwenye kinu. Ila utashangaa tofauti kati ya mashine moja na nyingine inavyopungua.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, fanya kama wanavyofanya viwandani: udongo wa kung'arishia mafuta au mkaa wa kuchujia. Anza na gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta, koroga kwenye joto la nyuzi 80 hadi 90 kwa dakika 20 au 30 ukiwa umefunika, kisha chuja kwa makini. Klorofili na ndugu zake hung'ang'ania kwenye udongo. Unachopima wewe ni viungo maradufu vya kaboni kwenye asidi za mafuta, na hivyo hubaki kwenye mafuta. Ndiyo maana njia hii inakubalika kwa swali lako. Ungekuwa unapima karotini ningekukataza kabisa. Masharti ni mawili. Sampuli zote, za kufundishia na za kupimwa, zipite njia ileile. Na uchanganye mwenyewe sampuli unazojua kiasi chake, uzipime kabla na baada ya udongo, uone kama uwiano wa kilele cha 1656, ambacho ni cha viungo maradufu, kwa kile cha 1440 umesogea. Unga wa mkaa ukibaki hata kidogo, leza itauchoma na utapata kilima kipya cha joto, kwa hiyo kichujio cha mwisho usikikwepe.

Watu watakuambia uache leza iwake juu ya sampuli mpaka mng'ao ufifie. Inafanya kazi. Molekuli zinazong'aa huchoka zikaharibika, kilima kinashuka haraka dakika za mwanzo kisha polepole. Kwa unga au kidonge hilo ni jambo jema. Kwa mafuta kwenye kichupa halifai sana, kwa sababu mafuta yanazunguka na kila dakika molekuli mpya zinaingia mbele ya leza. Kwenye tone jembamba juu ya foili linafaa zaidi, lakini kuna hatari nyingine: klorofili ikipata mwanga na hewa huyasaidia mafuta kuoksidika, na kinachoharibika ni vilevile viungo maradufu unavyovipima. Ukiamua kuitumia, pima kila dakika moja kwa dakika 10, chora uwiano wa 1656 kwa 1440 dhidi ya muda. Ukiona unashuka, umeanza kuila sampuli. Kilele cha karotini cha 1525 kikififia, hiyo ni onyo la mapema. Na muda utakaochagua, uwe dakika mbili au tatu, uwe huohuo kwa kila sampuli, kwa saa ya mkononi, siyo kwa kukadiria.

Kuhusu leza ya 1064. Ni kweli inapunguza mng'ao sana, kwa sababu fotoni zake ni dhaifu kiasi kwamba molekuli chache tu zinaweza kuzimeza. Ndiyo sababu Hirschfeld na Chase walipoonyesha Raman ya Fourier kwa leza hiyo mwaka 1986, wakemia waliokuwa wamekata tamaa na sampuli zao za rangi walirudi maabara. Lakini ina ada yake. Nguvu ya Raman hushuka kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi, hivyo kutoka 785 kwenda 1064 unapoteza karibu mara 3.4. Tena kilele chako cha 1656 kitatokea karibu na nanomita 1292, ambako silikoni ni kipofu. Unahitaji kigunduzi cha indiamu, galiamu na aseniki, ambacho kina kelele yake hata gizani. Kwa 785 kilele hichohicho kiko karibu na nanomita 902, mahali ambapo kamera yako bado inaona. Sampuli nyeusi nazo hupata moto. Ushauri wangu: kama kuna maabara yenye mashine hiyo, waombe upime sampuli zako tano mbaya kuliko zote. Zikitoka vizuri mno kuliko zako za udongo na foili, hapo ombi lako la kununua litakuwa na ushahidi mkononi. Na usirudi kwenye leza ya kijani ya 532 kwa tamaa ya vilele virefu. Raman huko ina nguvu karibu mara 4.7 ya 785, lakini mafuta ghafi yatawaka, na vilele vya karotini vitapanda kupita kiasi vikufunike.

Zipo njia nyingine nzuri. Moja nitaieleza kwa sababu wazo lake ni zuri na huenda ukakutana nayo: unapima mara mbili kwa leza mbili zilizopishana kidogo, kwa mfano nusu nanomita, ambayo kwa 785 ni kama namba 8 za mawimbi. Vilele vya Raman vinafuata leza, vinasogea. Kilima hakisogei. Ukitoa spektra moja kwa nyingine, kilima kinakufa pamoja na yale mawimbi ya kamera. Kelele ya matone hubaki, kama nilivyosema, ila upotofu wa mstari wa msingi unaondoka kwa uhakika kuliko polinomia yoyote. Zipo pia za kufungua kigunduzi kwa pikosekunde chache tu kabla mng'ao haujaanza, na za leza ya urujuanimno chini ya nanomita 250 ambako Raman hutokea kabla ya eneo la mng'ao. Vifaa vyake ni ghali, na kwa tatizo lako sioni haja.

Sasa hesabu, ambazo ndizo ulizoniuliza. Kabla hujagusa programu, angalia namna unavyokusanya. Kifaa kiwe kimewaka nusu saa. Muda wa kila picha uwe mfupi kiasi kwamba kilima kisifikie hata robo tatu ya uwezo wa kigunduzi. Kama kinahesabu hadi 65,535, ukiona 60,000 umeshachelewa. Picha 30 za sekunde 1 ni bora kuliko moja ya sekunde 30. Kila asubuhi, na kila umeme ukikatika na kurudi, pima kidonge cha parasetamoli: vilele vyake vya 1648.4, 1323.9 na 857.9 vinajulikana vizuri na vitakuambia kama mhimili umehama. Kisha pima sampuli zako kwa mpangilio wa kubahatisha. Ukipima 0, 5, 10, 20 kwa kufuatana wakati kifaa kinaendelea kupata joto, joto la kifaa litaingia kwenye modeli yako likijiita mawese.

Kuondoa kilima: kwa swali lako ningeanza na njia ya kizamani. Kilele cha 1656 ni chembamba. Chora mstari mnyoofu kati ya pande zake mbili, karibu 1620 na 1690, pima eneo lililo juu ya mstari. Fanya hivyohivyo kwa 1440. Gawanya. Mstari mfupi hauna ujanja, na makosa yake yanafanana kwa kila sampuli, jambo ambalo kwa kupima kiasi ni muhimu kuliko uzuri wa grafu. Polinomia ya daraja la juu hula mabega ya vilele vipana, na inakula zaidi pale kilima kilipo kikubwa zaidi, yaani kosa lake linategemea sampuli. Ukitaka kutumia spektra nzima, derivati (kasi ya kupanda na kushuka kwa grafu) ya kwanza au ya pili kwa njia ya Savitzky na Golay ya mwaka 1964, ikifuatiwa na kusawazisha ukubwa, inatosha. Njia ya miraba midogo isiyo na ulinganifu (kwa Kiingereza asymmetric least squares) nayo ni nzuri. Yoyote utakayochagua, ibadilishe makusudi: daraja la 3, kisha 5, kisha 7. Majibu ya asilimia yakihama kwa pointi nyingi kuliko kosa unalotangaza kwenye ripoti, basi namba ile ni maoni ya programu.

Modeli yako uijenge upya kwa alizeti nyingi: angalau mashine 8 au 10 tofauti, mavuno ya msimu zaidi ya mmoja ukiweza, na mawese ya maduka tofauti. Ili kuvunja ule urafiki kati ya mng'ao na mawese, changanya pia mawese na alizeti iliyosafishwa, na alizeti ghafi na alizeti iliyosafishwa bila mawese yoyote. Hizo za mwisho ni za thamani sana: mng'ao wake unashuka na mawese ni sifuri. Modeli ikisema mawese yamo, umeijua. Unapoijaribu, weka kando mashine nzima, siyo spektra moja moja. Ukiacha spektra tatu za chupa moja zigawanyike, moja kwenye kufundishia na mbili kwenye kujaribu, umempa mwanafunzi mtihani aliokwisha kuuona.

Na hapa kuna jambo linalonipa wasiwasi kuliko mng'ao wote. Uwiano wa 1656 kwa 1440 unafuata kiwango cha viungo maradufu, kile ambacho wakemia wa mafuta hukiita thamani ya iodini. Kiwango cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa alizeti ya kawaida ni 118 hadi 141. Kwa mawese laini, ile sehemu ya mawese isiyoganda upesi, ni 56 kwenda juu kidogo. Alizeti yenye 130 ukiichanganya na mawese ya 57 kwa asilimia 10, unapata karibu 123, bado ndani ya kiwango. Kwa asilimia 20 unapata 115. Lakini ukianza na alizeti ya 141, hata asilimia 20 inakuacha kwenye 124. Zaidi ya hapo, alizeti iliyojaza mbegu wakati wa joto kali huwa na asidi ya oleiki nyingi na linoleiki kidogo, hivyo thamani yake hushuka yenyewe shambani. Mbegu za aina ya oleiki nyingi huwa kati ya 78 na 90, na hakuna aliyemchakachulia mtu. Hii ni nchi ya joto. Bila kujua alizeti halisi ya Singida, Manyoni, Kongwa na Chamwino ina uwiano gani, kipimo kisafi kabisa kisicho na chembe ya mng'ao bado kinaweza kumwita mkulima mwizi. Kwa hiyo nenda mashineni, simama pale mbegu inapoingia, kinga mafuta mwenyewe yakitoka, andika mbegu imetoka wapi. Sampuli 40 za namna hiyo zina thamani kuliko leza mpya. Na sampuli zinazotiliwa shaka zipelekwe kwenye kromatografia ya gesi, kipimo kinachotenganisha asidi za mafuta moja moja, maana asidi ya palmitiki ya alizeti ni chini ya asilimia 8 na ya mawese inakaribia au kupita 40. Tofauti hiyo haijifichi.

Kuhusu huyo mkamuaji aliyesoma 27: usimpe namba hiyo, kwa maandishi wala kwa mdomo. Modeli iliyosoma 14 na 31 kwa kitu kilekile haijui 27 ni nini. Mwambie sampuli yake inarudiwa, mwombe akuachie nusu lita nyingine na mbegu kidogo za shehena ileile alizokamua. Zikamue mwenyewe, chuja mafuta yote mawili, yaweke kwenye foili moja, tone kwa tone, siku moja. Ukimaliza hilo na lile jaribio la eneo la kimya, niandikie na uniwekee grafu zote mbili.